Miguu Bila Skwati: Mwongozo Kamili wa Kujaza Mapaja, Makalio na Vigimbi kwa Mtu wa Mwanza

"Kaka, mimi skwati zinanishinda, goti linaniuma. Ina maana miguu yangu itabaki fito hivihivi?"

Aliyeniuliza ni kijana anayebeba magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Kifua kipana, mabega yamejaa, lakini suruali ilimpwaya mapajani. Nilimjibu palepale kwamba hapana, kisha tukakaa kwenye jiwe karibu saa nzima nikimweleza kwa nini. Mwongozo huu ni maelezo yale yale, ila nimeyapanga vizuri na kuongeza vipimo, maana tangu siku ile wengi wameniuliza swali hilohilo.

Nianze na jibu lenyewe. Kama unataka miguu inene na iwe na nguvu za kukufaa kazini, uwanjani au kwenye kupanda kilima, skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, mara nyingi na chuma mabegani, si lazima. Ni zoezi zuri, mimi mwenyewe nalipenda, lakini lina mbadala. Kama unataka kushindana katika mchezo wa kunyanyua vyuma ambao skwati ni mojawapo ya minyanyuo yake mitatu, hapo huna njia ya kuikwepa. Nguvu ya kuinuka na chuma mabegani ni ustadi pia, na ustadi unapatikana kwa kuurudia wenyewe. Wengi wanaonisoma hawashindani. Wanataka tu miguu ilingane na kifua.

Nimelijua hili kwa kuumia. Nilipiga skwati nzito kwa miaka miwili na bomba lililofungwa makopo ya zege pande zote mbili, makopo yenyewe hayakuwa na uzito sawa, nami nilikuwa nashuka nimepinda bila kujijua. Mgongo wa chini ulishika, nikakaa miezi nane bila kuweka chuma mabegani. Nililazimika kufanya mazoezi ya mguu mmoja mmoja na mabegi ya mchanga. Miezi ile nane ilipoisha, paja langu lilikuwa limeongezeka sentimita mbili. Tangu hapo sijamwambia mtu kwamba bila skwati hakuna mguu.

Ujue kwanza mguu umeundwaje

Usiruke sehemu hii. Ukiielewa, utaweza kujitungia programu yako hata mazingira yakibadilika.

Mbele ya paja kuna misuli minne ambayo yote inanyoosha goti. Mitatu imeanzia kwenye mfupa wa paja. Wa nne, ule unaopita katikati, umeanzia juu kwenye nyonga, kwa hiyo una kazi mbili: kunyoosha goti na kuinua paja. Nyuma ya paja kuna misuli inayokunja goti, na sehemu kubwa ya misuli hiyo imevuka nyonga pia, hivyo inakusaidia kusimama wima ukiwa umeinama. Ndani ya paja kuna misuli ya kuleta miguu pamoja, minene kuliko watu wanavyodhani. Juu kuna makalio. Chini kuna kigimbi, ambacho ni misuli miwili iliyolaliana: wa nje umevuka goti, wa ndani haujalivuka.

Sasa angalia kinachotokea ukichuchumaa. Nyonga inakunjika, goti nalo linakunjika. Msuli wa nyuma ya paja unavutwa kwa juu na kulegezwa kwa chini wakati uleule, kama kamba ambayo mmoja anaivuta na mwenzake anaiachia. Urefu wake haubadiliki sana, na msuli usiovutwa wala kujikunja vya kutosha haupati sababu kubwa ya kukua. Ule msuli wa nne wa mbele nao hali yake ni hiyohiyo, ila kwa upande wa pili: juu unalegezwa, chini unavutwa.

Utafiti uliofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2019 ulilionyesha jambo hili kwa picha za ndani ya mwili. Wanaume walipiga skwati kwa wiki 10. Mbele ya paja paliongezeka, na waliochuchumaa hadi chini kabisa waliongezeka zaidi makalio na misuli ya ndani ya paja. Lakini nyuma ya paja na ule msuli wa katikati mbele haikuongezeka cha maana, hata kwa walioshuka chini kabisa.

Kwa hiyo swali la kijana wa Mwaloni lina upande wa pili ambao mashabiki wa skwati hawausemi. Skwati peke yake haimalizi mguu. Hata anayeipenda anahitaji mazoezi mengine matatu au manne, na huyo asiyeiweza anabakiza pengo moja tu la kuziba.

Mbona tunapanda milima kila siku na miguu haijai?

Nimeulizwa hili na watu wa Mabatini, Igogo na kule juu Bugando, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe na mtu anapanda ngazi na ndoo ya maji kichwani asubuhi na jioni. Kama kazi ngumu ingetosha, mji mzima ungekuwa na mapaja kama ya wacheza raga.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, mwili unaizoea kazi. Wiki za mwanzo mtu mgeni anahema na mapaja yanamuuma. Baada ya hapo mzigo ni uleule, ngazi ni zilezile, na mwili hauna haja ya kuongeza nyama. Unaongeza pumzi. Hatua 300 za mzigo mdogo zinakupa uvumilivu, ambao ni kitu kizuri, ila si unene. Sababu ya pili ni kina cha goti. Kwenye ngazi fupi goti linakunjika kidogo tu. Kuli mwenye gunia kichwani anatembea amenyooka kabisa, kwa hiyo kazi kubwa inaishia shingoni, mgongoni na kwenye vigimbi. Paja la mbele linakua vizuri linapobebeshwa mzigo likiwa limevutika, yaani goti likiwa limekunjwa sana.

Kichurachura nacho kiko kwenye fungu hilo. Tuliruka kichurachura shuleni kama adhabu, na bado makocha wengi wa mtaani wanakitoa kama dawa ya miguu myembamba. Mzigo ni mwili wako tu, unaruka mara nyingi umechoka, na goti linapokea kishindo kila unapotua. Mimi nakiacha.

Hatua ya kwanza: tafuta mizigo na uipime

Huhitaji kulipia jimu ili uanze. Maji yana kilo moja kwa lita, kwa hiyo madumu mawili ya lita 10 ni kilo 20, na dumu la lita 20 limejaa ni kilo 20 mkono mmoja. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, karibu kilo moja na nusu kwa lita au zaidi kidogo. Ndoo ndogo ya lita 10 ukiijaza mchanga inafika kilo 15 au 16. Zege ni nzito kuliko vyote: kopo la rangi la lita 4 likijazwa linakaribia kilo 9 na nusu.

Yapime. Mzani wa muuza samaki au muuza nyanya unatosha, mwombe tu vizuri. Andika uzito kwa rangi juu ya kila kopo. Niliumia kwa sababu sikufanya kazi hii ya dakika kumi.

Ongeza begi la mgongoni lenye mikanda imara, ambalo utaweka mchanga ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa, ili uweze kuongeza kilo mbili mbili. Na tafuta jiwe. Hapa kwetu hiyo si kazi. Unataka moja lenye urefu wa kufika magotini au chini kidogo ya hapo, bapa kwa juu, lisilotikisika. Mvua ikinyesha mawe ya Mwanza yanateleza vibaya, hivyo siku hizo tumia kiti imara au ngazi ya ndani.

Hatua ya pili: mazoezi ya mbele ya paja

Zoezi la kwanza, na kwangu ndilo mfalme wa mbadala wote, ni kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku mwingine umepandishwa nyuma. Lipe mgongo jiwe, piga hatua moja ndefu mbele, kisha weka kifundo cha mguu wa nyuma juu ya jiwe. Mguu wa mbele umekanyaga wote, kisigino hakinyanyuki. Shuka polepole kwa hesabu ya tatu hadi goti la nyuma likaribie ardhi, tulia kidogo, panda. Kifua kinaweza kuinama mbele kidogo, si kosa. Goti la mbele linaruhusiwa kuvuka vidole vya mguu, mradi liende uelekeo wa vidole na lisiangukie ndani. Lile katazo kwamba goti lisivuke vidole limewatisha watu wengi bure. Kila ukipanda ngazi goti linavuka.

Faida yake ni hesabu. Mtu wa kilo 70 akifanya hivi, sehemu kubwa ya uzito wake inakaa juu ya mguu mmoja kabla hajashika chochote. Akishika madumu mawili ya lita 10, mguu ule unafanya kazi nzito kweli, huku mgongo umebeba kilo 20 tu. Ndiyo maana wenye migongo mibovu tunalipenda.

La pili ni kupanda jiwe. Weka mguu mmoja mzima juu ya jiwe, egemea mbele kidogo, panda kwa kuusukuma huo mguu wa juu. Hapa kila mtu anaiba: anarusha mwili kwa vidole vya mguu wa chini. Dawa yake ni kunyanyua vidole vya mguu wa chini ubaki umekanyagia kisigino, utaona mara moja nguvu inatoka wapi. Kisha shuka taratibu, hesabu tatu. Kushuka ni nusu ya zoezi.

La tatu ni la ule msuli wa katikati ambao skwati inauacha. Piga magoti juu ya kitu laini, kanga iliyokunjwa au mkeka mnene. Kaza makalio, nyoosha mwili kuanzia magotini hadi kichwani uwe kama ubao, kisha egemea nyuma polepole bila kukunja nyonga. Nenda hadi pale unapoweza kurudi bila kuvunjika kiunoni. Mara ya kwanza huenda ukashuka kidogo sana. Haidhuru, wiki kwa wiki utashuka zaidi. Kwenye jimu kazi hii inafanywa na mashine ya kukaa na kunyoosha magoti.

Na kama uko kwenye jimu yenye mashine ya kusukuma sahani kwa miguu, itumie bila aibu. Shusha sahani hadi magoti yakaribie kifua, lakini koma pale kiuno kinapoanza kubanduka kwenye egemeo. Kiuno kikibanduka na mzigo ni mzito, uti wa mgongo ndio unaolipa.

Hatua ya tatu: nyuma ya paja na makalio

Huku ndiko watu wa mtaani wanakosahau kabisa, kwa sababu kwenye kioo hakuonekani.

Kuna kazi mbili tofauti na unazihitaji zote. Ya kwanza ni kuinama na mzigo. Simama, mzigo mkononi mbele ya mapaja, magoti yamelegea kidogo tu. Sukuma makalio nyuma, kama mama aliyebeba beseni mikono miwili anavyofunga mlango kwa makalio. Mzigo unateleza karibu na mapaja, mgongo umenyooka. Utasikia nyuma ya mapaja panavutika. Ukifika pale usipoweza kwenda zaidi bila mgongo kupinda, rudi. Magunia na madumu yote yanafaa. Ukipata shida kuelewa, simama hatua moja mbele ya ukuta na jaribu kuugusa kwa makalio, kisha sogea mbele kidogo na ujaribu tena.

Ya pili ni kukunja goti. Lala chali kwenye sakafu ya vigae au saruji laini, weka kitambaa chini ya visigino, inua makalio, kisha nyoosha miguu polepole visigino vikiteleza mbali nawe, halafu vivute kurudi. Makalio yasiguse chini. Wanaume wenye mapaja makubwa ya mbele nimewaona wakishindwa hata mara nne, na hapo ndipo wanapoelewa mguu wao una upande mmoja. Ukishaliweza, fanya kwa mguu mmoja mmoja. Zoezi gumu zaidi ni la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo, ukijishusha mbele kama mti unaokatwa, taratibu kadiri utakavyoweza, na kujidaka kwa mikono. Wachezaji wa mpira wanalitumia sana kwa sababu linapunguza kuchanika kwa misuli ya nyuma ya paja, na ningependa kila timu inayofanya mazoezi Nyamagana ilizoee. Anza na marudio matatu tu. Siku mbili baadaye utajua sababu.

Kwenye jimu, ukiwa na hiari kati ya mashine ya kukunja goti umekaa na ile ya kulala kifudifudi, chukua ya kukaa. Ukikaa, nyonga imekunjika na msuli umevutika zaidi, na majaribio yaliyolinganisha hizo mbili yameonyesha ya kukaa inakuza zaidi.

Makalio yatapata kazi kutoka kwenye kuinama, kupanda jiwe na kile kichuchumao cha mguu mmoja. Anayetaka zaidi, hasa dada zangu wanaoniuliza hili kila wiki, aegemeze mgongo wa juu kwenye benchi, aweke mzigo juu ya nyonga na kuinua makalio hadi mwili unyooke kama meza.

Hatua ya nne: vigimbi

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa mguu mmoja, goti limenyooka, shika ukuta. Shusha kisigino chini ya ngazi hadi mwisho, kaa hapo hesabu mbili, panda juu kabisa ya vidole. Kutulia pale chini ndiko kunakokuza, na ndiko watu wanakokukimbia kwa kudundadunda. Ukifikisha marudio 20, shika dumu.

Hatua ya tano: ugumu, ambao ndio kiini chenyewe

Unaweza kuchagua mazoezi yote vizuri na usipate kitu, kama kila seti, yaani fungu moja la marudio unayofanya bila kupumzika, unaiacha ikiwa bado tamu. Msuli unakua unapolazimishwa kufika karibu na mwisho wa uwezo wake. Ishara yake si jasho, ni kasi: marudio ya mwisho yanakuwa ya polepole ingawa unasukuma kwa nguvu zote. Maliza seti ukijua umebakiza rudio moja hadi matatu. Kama ungeweza kufanya kumi zaidi, seti hiyo ilikuwa ya kupasha mwili.

Idadi ya marudio haina utawala mkali kama watu wanavyodhani. Kati ya 6 na 20, hata 30, msuli unakua karibu sawasawa mradi ufike karibu na mwisho. Ndiyo sababu ndoo na mabegi yanatosha. Kwa nguvu tupu, marudio machache ya mzigo mzito yanashinda, kwa hiyo ukishazoea, zoezi moja kila siku ya miguu lipe mzigo wa kukutosha mara 5 hadi 8.

Panga siku mbili kwa wiki, mfano Jumanne na Ijumaa. Jumanne: kuchuchumaa kwa mguu mmoja seti 3 za marudio 8 hadi 12 kila mguu, kuinama na mzigo seti 3, kupiga magoti na kuegemea nyuma seti 2, vigimbi seti 3. Ijumaa: kupanda jiwe seti 3, kukunja goti kwa kuteleza seti 3, kuinua makalio seti 2, vigimbi seti 3. Pumzika dakika mbili hadi tatu kati ya seti nzito. Najua kupumzika kunaonekana uvivu mbele ya wenzako, lakini ukikimbilia seti inayofuata, pumzi itakata kabla ya msuli.

Kuongeza kuna utaratibu. Ukianza na mzigo unaouweza mara 8, baki nao hadi uufikishe mara 12 kwenye seti zote. Hapo ongeza kilo mbili au tatu, utarudi 8, panda tena. Andika kwenye daftari. Asiyeandika anazunguka palepale mwaka mzima akidhani anapanda. Baada ya wiki nane, kama unalala vizuri na miguu haikuumi siku nzima, ongeza seti moja kwa kila zoezi. Seti 10 ngumu kwa wiki kwa kila kundi la misuli zinawatosha wengi kwa muda mrefu.

Hatua ya sita: kula ziwa lako

Anayejenga misuli anahitaji karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 65 ni gramu 104. Watu wanasikia namba hii wanafikiria makopo ya unga kutoka ng'ambo, wakati wanaishi kando ya Ziwa Victoria.

Dagaa wakavu gramu 50, ambao ni mkono mmoja uliojaa hivi, wanakupa karibu gramu 30. Minofu ya sato iliyopikwa, gramu 150, ni karibu gramu 39, na sangara hayuko mbali na hapo. Mayai mawili ni 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15. Ugali wa dona nao unaongeza kidogo kidogo, na ukila wa robo kilo ya unga kwa siku unapata kama 20. Jumla imezidi 104, na hujanunua chochote ambacho mama ntilie wa karibu hana. Dagaa hasa nawatetea. Ni rahisi, wanaliwa na mifupa yao kwa hiyo kuna madini ya kalsiamu, na bado kuna vijana wanaona ni chakula cha kukosa.

Mwembamba wa asili aongeze chakula chenyewe, siyo protini peke yake: viazi vitamu, wali, karanga, maziwa. Mwili usio na ziada haujengi.

Kretini (creatine), unga wa nyongeza wanaotumia wanamichezo, gramu 3 hadi 5 kwa siku, imethibitika kusaidia nguvu kwa watu wazima wenye figo nzima. Si lazima. Ila vidonge vya kunenepesha vinavyopitishwa kwa siri, kaa navyo mbali. Dexamethasone ni mojawapo inayotumiwa hivyo. Inajaza maji na mafuta usoni na tumboni, na ikitumika kwa muda mrefu inakula misuli, ikianzia na mapaja na nyonga. Mtu anameza dawa ya kunenepa huku anapunguza miguu ileile anayoitafuta. Jambo hili linaniuma kila nikiliona.

Na kuna wanaopenda kukimbia ndani ya maji ya kina kifupi ufukweni ili miguu ipate ukinzani. Maji hayo yana kichocho. Faida ni ndogo, ugonjwa ni mkubwa. Kimbia mchangani.

Maumivu: yapi ya kuvumilia, yapi ya kukimbilia hospitali

Misuli kukaza na kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida, hasa kwa anayeanza. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi na likatulia kesho yake, punguza kina au mzigo na uendelee. Likivimba, likikwama au likichomoka, acha ukapimwe. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti na ganzi, nayo si ya kujikanda. Ukishindwa kuzuia mkojo au ukapata ganzi sehemu za siri, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea kama chai ya rangi, baada ya zoezi kali la ghafla, ni dalili kwamba misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Hutokea zaidi kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi halafu akapigishwa skwati mamia au kichurachura bila kikomo. Hiyo ni hospitali bila kusubiri asubuhi. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma bila sababu, vilevile.

Pima

Chukua futi ya fundi cherehani. Weka alama sentimita 15 juu ya kikombe cha goti, simama wima, paja limelegea, pima asubuhi kabla ya zoezi. Pima na kigimbi pale penye unene zaidi. Rudia kila baada ya wiki nne, siyo kila siku, maana utajikatisha tamaa. Mwanzoni nguvu inatangulia: madumu yaliyokuwa mazito yanakuwa mepesi kabla ya futi kusogea. Mguu mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, anza nao kila seti, na ule wenye nguvu ufanye idadi ileile, usizidi.

Ukitaka kurudi kwenye skwati

Wengi baada ya miezi mitatu magoti yanatulia na hamu ya skwati inarudi. Karibu tena, ila usiweke chuma mabegani kwanza. Shika kopo moja la zege kifuani kwa mikono miwili, weka kipande cha mbao cha unene wa sentimita mbili chini ya visigino, hasa kama una mapaja marefu na huwa unainama sana ukishuka. Mzigo ukiwa mbele, kifua kinabaki juu chenyewe. Shuka hadi pale mgongo unapotaka kupinda, hicho ndicho kina chako kwa sasa. Seti 2 za marudio 10, Ijumaa tu, baada ya kupanda jiwe. Yule kijana wa Mwaloni alianza hivyo na kopo la kilo 9 na nusu, na goti lake lilikubali.